MITA 90 HAZIZUII POTOPOTO



Iko sheria moja katika nchi yetu ambayo kila mtu anayewasha taa nyumbani mwake anapaswa kuijua. Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha 279, iliweka neno hili: mtu asishike ardhi kwa kazi ya kuchimba iliyo juu ya baraje, wala iliyo karibu ya baraje kwa chini ya mita 90, isipokuwa wakubwa wenye mamlaka wakikubali.

Mita 90! Pimeni ninyi wenyewe kwa miguu. Ni pafupi kuliko uwanja wa mpira, kutoka goli hata goli. Ndio ulinzi ambao waandishi wa sheria waliupatia ukuta wa saruji unaoshika maji ya mto mzima na kuwasha taa za miji. Na hata hizo mita 90 zina mlango wa nyuma: «isipokuwa wakubwa wakikubali». Mkubwa akikubali, mita 90 zinakuwa mita sifuri.

Tunauliza: aliyeandika mita 90 alifikiri mto ni kitu gani? Nyumba inasimama mahali pake. Makaburi yanalala mahali pake. Mtu akikaa mbali na nyumba mita 90, haigusi. Lakini mto unatembea mchana na usiku. Potopoto ikitibuliwa leo kilomita 50 juu ya baraje, haitafika mita ya 91 ikasimama kuomba ruhusa. Itashuka na maji mpaka pale maji yanapopumzika, na maji yanapumzika mbele ya ukuta wa baraje. Hapo ndipo itakapolala, na haitaondoka.

Juu ya neno hilo tunaandika leo. Tunataka kusema namna draga zinavyopewa ruhusa ya kuingia mitoni, nani anaziangalia, na nani analipa hasara.

DRAGA INAFANYA NINI

Wako ndugu ambao hawajaiona draga. Ni mashine inayoelea juu ya maji. Ina mota, pampu na bomba nene. Bomba linashuka mpaka chini ya mto na kunyonya mchanga, changarawe na potopoto. Vyote vinapitishwa juu ya mteremko uliotandikwa mazulia. Dhahabu ni nzito, inabaki katika zulia. Yaliyobaki yote yanarudishwa mtoni. Wanatibua tani za mchanga kwa kutafuta gramu za dhahabu. Changarawe inabaki malundo malundo katikati ya mto, maji yanatafuta njia mpya na kula kingo, na kingo zikianguka zinaleta potopoto nyingine. Na mahali wanapotumia zebaki kushika dhahabu, zebaki nayo inashuka na maji.

Watu wa Mwenga, katika Sud-Kivu, hawahitaji kufundishwa. Mwezi wa Agosti 2021, mkuu wa jimbo lao alisimamisha kampuni sita za kigeni, baada ya wakaaji kulalamika kwamba zinachimba dhahabu pasipo ruhusa na kuharibu nchi na mito. Mwezi wa Julai 2024, mkuu mwingine wa jimbo hilohilo akasimamisha tena kazi zote za kuchimba, kwa sababu fujo ilikuwa imerudi.

Angalieni vema habari hii. Mara mbili katika miaka mitatu, serikali ya jimbo ilisema: «Simama!» Lakini neno la kwanza lilipasa kuwa: «Ngoja kwanza, tuangalie.» Kusimamisha mashine wakati mto umekwisha kugeuzwa ni sawa na kumwita mganga siku ya matanga. Kuangalia kunatakiwa kuja mbele ya ruhusa, na ruhusa kuja mbele ya mashine. Kwetu mashine inakuja kwanza, karatasi inaifuata, na macho yanakuja mwisho, wakati samaki wamekwisha kufa.

Wengine watasema: «Hiyo ni habari ya Mwenga, ni habari ya watu wa dhahabu. Sisi wa shaba na kobalti inatuhusu nini?» Ndugu, inatuhusu sana. Sheria ya migodi ni moja kwa mito yote ya Kongo. Karatasi inayoweza kuingiza draga katika mto wa Mwenga, ni karatasi ileile inayoweza kuiingiza katika Lufira au Lualaba, kwa kutafuta dhahabu, au mchanga wa kujengea, au mabaki ya madini yaliyolala chini ya mto. Na juu ya Lufira na Lualaba ndipo yalipo mabaraje yetu.

BARAJE ZETU NI ZIPI

Tuhesabu pamoja, maana vijana wengine hawajui. Juu ya Lufira iko Mwadingusha, iliyoanza kazi mwaka 1930, na chini yake iko Koni, ya mwaka 1950. Juu ya Lualaba iko Nzilo, ya mwaka 1952, na chini yake iko Nseke, ya mwaka 1956. Wakati wa Bula Matari zote nne ziliitwa majina ya kigeni: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel. Hao ndio waliofika Katanga katika miaka ya 1890 kuangalia kama nchi yetu ina faida kwao. Majina yamekwenda, kuta zimebaki.

Kuta hizo hazikujengwa kwa ajili ya taa zetu. Zilijengwa kwa ajili ya shaba ya Union Minière. Lakini mikono iliyobeba saruji na chuma ilikuwa ya baba zetu na babu zetu. Na leo, moto wa umeme wa mabaraje hayo ndio unaozungusha pampu zinazotoa maji ndani ya migodi, ndio unaopeleka hewa kwa mtu aliye chini ya ardhi, ndio unaopikia shaba katika viwanda, na ndio unaofika, siku unapofika, katika nyumba za mji na za kambi.

Mashine za Mwadingusha zilikuwa zimechoka. Zilitengenezwa upya kwa fedha za kampuni ya mgodi wa Kamoa-Kakula pamoja na SNEL, na kazi hiyo ilimalizika mwaka 2021. Nguvu yake ilihesabiwa megawati 78. Basi fedha nyingi zimewekwa katika turbini mpya. Lakini turbini mpya inakunywa maji yaleyale ya Lufira. Kama maji yanakuja na mchanga, turbini itakula mchanga, iwe mpya, iwe ya mwaka 1930.

NAMNA POTOPOTO INAVYOUA BARAJE

Wahenga walisema: haba na haba hujaza kibaba. Walisema juu ya akiba, lakini neno lao ni kweli hata kwa potopoto.

Maji ya mto yanapokwenda mbio yanabeba mchanga. Yanapoingia katika ziwa la baraje yanapunguza mwendo, na mzigo yanautua. Mchanga mzito unaanguka kwanza, pale mto unapoingia ziwani. Potopoto nyepesi inaendelea mpaka ukutani. Mwaka kwa mwaka, chini ya ziwa panapanda juu. Ukilitazama ziwa kwa macho unaona maji mengi, unasema hakuna shida. Lakini sufuria iliyojaa mawe nusu, ukiimimina, inatoa maji ya nusu.

Hasara inaonekana wakati wa kiangazi. Ziwa la baraje ni ghala: linaweka maji ya mvua ili yatumike katika miezi ya Septemba na Oktoba, wakati mto umekonda. Ghala likijaa potopoto, akiba ya kiangazi inapungua. Turbini iko, waya uko, fundi yuko, lakini maji hayatoshi. Ndipo umeme unapogawanywa: leo upande huu, kesho upande ule.

Hasara ya pili ni mchanga unaoingia ndani ya turbini. Mchanga unakwangua chuma kama jiwe la kunolea linavyokwangua kisu. Mabawa ya turbini yanalika, nguvu inapungua, halafu siku inakuja ya kuisimamisha turbini na kuagiza vyuma kutoka Ulaya au Asia kwa fedha za kigeni.

Hasara ya tatu haionekani kabisa. Ni sumu. Ziwa la Tshangalele, lililozaliwa na ukuta wa Mwadingusha, linapokea maji kutoka upande wa Likasi, mahali pa viwanda vya shaba tangu zamani. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba shaba, kobalti na madini mengine yameingia katika viumbe vya bonde hilo, pamoja na samaki. Madini hayo yamelala katika potopoto ya chini. Anayeingiza bomba la draga katika potopoto ya namna hiyo anaamsha kitu ambacho kilikuwa kimelala. Na zebaki ikifika katika ziwa, chini pasipo hewa, inageuka kuwa sumu mbaya zaidi inayopanda kutoka samaki mdogo mpaka samaki mkubwa, na kutoka samaki mpaka sahani ya mtoto.

Msidhani kwamba hatari iko upande wa juu wa baraje tu. Mtu akichimba shimo kubwa chini ya baraje, katika kitanda cha mto, shimo halikai pale. Maji yanaanguka katika shimo kwa nguvu, yanakula ukingo wa shimo ulio upande wa juu, na shimo linapanda mto polepole, mwaka kwa mwaka, likielekea msingi wa ukuta. Mafundi wa mito wanalijua jambo hilo katika nchi nyingi ambako watu walichota mchanga pasipo kipimo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Na ukuta huu, ndugu, hatuna fedha za kuujenga mara ya pili.

NANI ANALIPA

Wakati umeme unapopungua, kampuni kubwa inawasha jenereta zake na kuandika gharama katika kitabu. Gharama hiyo inatafuta mahali pa kushuka, na mara nyingi inashuka juu ya mfanyakazi: saa za ziada zinakatwa, watu wa mkataba wa siku wanaambiwa warudi nyumbani wangojee. Mama wa mjini anarudi kwenye makala, na bei ya makala inapanda. Mshona nguo, mchomea vyuma, mwenye kinu cha kusaga mahindi, wote wanafunga milango. Hospitali inatafuta mafuta ya jenereta. Mwanafunzi anasoma kwa mshumaa.

Na mwenye draga? Dhahabu yake haihitaji baraje. Mota yake inakunywa mazutu. Akimaliza sehemu moja ya mto anavuta mashine na kwenda mbele. Potopoto anatuachia sisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, inasema methali. Mgeni huyu anakuja, anapona yeye, na mwenyeji anabaki na ugonjwa.

NAMNA RUHUSA INAVYOTOLEWA

Sasa tufike ofisini, maana mto unaharibiwa kwa mashine, lakini mlango unafunguliwa kwa karatasi.

Anayeomba haki ya kuchimba anapeleka maombi yake katika ofisi ya Cadastre minier, yaani CAMI, ambayo makao yake ni Kinshasa. Sheria inataka maombi hayo yapite katika mitihani mitatu. Wa kwanza ni wa ramani: je, mahali anapopaomba hapana mwenye haki mwingine? Wa pili ni wa ufundi na fedha: je, anaijua kazi, anao uwezo? Wa tatu ni wa mazingira: je, kazi yake itaharibu nini, na atatengeneza namna gani?

Mitihani mitatu, ni vizuri. Lakini katika mitihani hiyo mitatu hakuna mmoja ulio mkononi mwa wale wanaoendesha turbini. Mtu wa ramani anatazama miraba juu ya karatasi. Mto juu ya karatasi ni mstari wa buluu. Miraba haigusani, basi anapiga muhuri. Hakuna mraba unaoonyesha kwamba mchanga wa mraba huu utalala katika ziwa lililo mbali kule chini.

Na huo mtihani wa tatu, nani anauandika? Kitabu cha kueleza madhara ya kazi kinaletwa na mwenye kuomba. Ni yeye anayemtafuta fundi wa kukiandika, na ni yeye anayemlipa. Je, mfano mwanafunzi akijiandikia maswali, akajijibu mwenyewe, kazi ya mwalimu ikabaki kusoma tu na kutia sahihi, mtauita mtihani? Kitabu hicho kinaandikwa kwa Kifaransa kigumu, kurasa mamia. Mvuvi wa Tshangalele atakisoma wapi? Mjumbe wa wafanyakazi atakipata kwa nani?

Lakini sheria si adui katika neno hili. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inasema wazi kwamba kazi yoyote inayoweza kudhuru mazingira inatakiwa kuchunguzwa kwanza, na inataka pia uchunguzi wa hadhara mbele ya ruhusa, ile ambayo Wafaransa wanaiita «enquête publique». Hadhara ni nani? Ni sisi! Na Kanuni ya Migodi, ilipobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, ilitia neno zito: mwenye hati ya kuchimba anapaswa kulipa hasara anayoleta kwa watu, kwa mali na kwa mazingira, hata kama kazi yake ilikuwa na ruhusa, hata kama hakufanya kosa. Basi muhuri wa Kinshasa si ngao. Mtu hawezi kusema: «Nilikuwa na karatasi.» Karatasi unayo, na hasara utalipa.

Silaha tunazo, ndugu. Zimelala katika kabati.

UJANJA WA KOOPERATIVE

Uko ujanja mmoja ambao unapaswa kuanikwa juani. Sheria imewawekea Wakongo peke yao kazi ya kuchimba kwa mikono, pamoja na kooperative zao. Ni haki: maskini mwenye sululu na karai asisukumwe na mwenye fedha. Na kwa kuwa ni kazi ya mikono, haiulizwi maswali yote ambayo kampuni inaulizwa.

Sasa mwenye fedha amegundua njia. Anatafuta kooperative iliyo na karatasi lakini haina chakula. Anawapa viongozi wake bahasha, na kesho yake draga inaelea mtoni kwa jina la «wachimbaji wa mikono». Mikono gani hiyo yenye mota na bomba? Wenyeji wanapoteza mara mbili: mahali pao pa kuchimba pamechukuliwa, na jina lao ndilo litakaloitwa siku ya kesi.

MAJIBU KWA WANAOTUPINGA

Watasema: «Ninyi ni maadui wa kazi.» Hapana. Tunajua njaa, hatuhitaji kuambiwa. Lakini tuhesabu. Draga moja inaendeshwa na watu wachache kwa zamu. Baraje moja inashikilia kazi ya migodi, ya viwanda na ya mji mzima. Mtu anayechoma nyumba ili apate makala ya kupikia usiku mmoja, amepata makala kweli. Kesho atalala wapi?

Watasema: «Dhahabu inalipa kodi.» Kwa sheria ya 2018, mrabaha wa dhahabu ni asilimia 3.5. Katika huo, nusu inakwenda kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa serikali ya mahali, na asilimia 10 katika mfuko wa kesho. Basi mahali penye mto uliotibuliwa panapata sehemu ya 15 katika mia ya hiyo 3.5 katika mia. Kwa dhahabu ya franka 1,000, ni franka 5 na senti kidogo. Hayo ni kama kila gramu imeandikwa kitabuni. Na gramu iliyopita mpakani usiku ndani ya mfuko wa suruali haikuandikwa.

Watasema tena: «Mbona SNEL yenyewe inatumia draga? Draga inasafisha mto.» Hapa tuseme kweli. Ndiyo, kule Inga, mfereji unaopeleka maji kwenye turbini za Inga 1 na Inga 2 unaingia mchanga, na unapaswa kuchimbuliwa ili maji yapite. Kazi ile ni njema, na sisi wa Katanga tunaijua faida yake, maana waya wa Inga unakuja mpaka Kolwezi kwa safari ya kilomita kama 1,700. Lakini draga ya Inga inatoa mchanga mbele ya turbini na kuupeleka mahali pengine. Draga ya dhahabu inainua mchanga na kuurudisha katika maji yanayokwenda kwenye turbini. Mmoja anafagia nyumba, mwingine anarusha vumbi ndani. Kwa kuwa wote wawili wameshika ufagio, je, kazi yao ni moja? Na angalieni gharama: taifa linakopa fedha kuondoa mchanga mahali pamoja, na linauza ruhusa za kutibua mchanga mahali pengine.

TUNATAKA NINI

Hatulii tu. Tunataka mambo saba, na tunayaandika wazi ili kila mkubwa ayasome.

Moja. Ulinzi wa baraje upimwe kwa mto, usipimwe kwa mita 90. Bonde lote la juu linaloleta maji katika ziwa, na sehemu ya chini ambako shimo linaweza kupanda, viangaliwe kabla ya ruhusa yoyote ya draga.

Mbili. Wale wanaoendesha baraje waandike maoni yao na kutia sahihi. Wakisema hapana, hati isitolewe.

Tatu. Uchunguzi wa hadhara ufanyike kweli, kwa Kiswahili, katika mji, katika kambi na katika vijiji vya wavuvi, siku ambayo watu hawako kazini. Kitabu cha madhara kifupishwe kwa Kiswahili na kubandikwa katika ofisi ya komini.

Nne. Maji yapimwe kabla ya mashine kuingia, kisha kila mwezi. Hesabu ya potopoto na ya zebaki ibandikwe hadharani. Kama haikupimwa mbele, mwenye draga atasema siku zote: «Mto ulikuwa hivi tangu zamani.»

Tano. Mahali penye mota na bomba, hapana tena kazi ya mikono. Kooperative yenye draga ihesabiwe kama kampuni, na ipite mitihani yote.

Sita. Dhamana ya fedha iwekwe kwanza, mbele ya kazi, na ndani yake ihesabiwe gharama ya kuondoa mchanga utakaolala katika ziwa.

Saba. Hati zilizokwisha kutolewa katika mito yenye mabaraje ziangaliwe upya, moja moja. Wakati zinapoangaliwa, mashine zitoke majini.

NA WEWE, MSOMAJI?

Usikunje gazeti hili na kusema: «Wakubwa wamesikia.» Wakubwa wanasikia wanapoulizwa mara mbili.

Wewe mfanyakazi wa mgodi, katika mkutano wa chama cha wafanyakazi, mwulize mjumbe wako: umeme wa kazi yetu unatoka baraje gani, na juu ya mto ule nani ana hati ya kuchimba? Kama hajui, apewe wiki mbili akatafute. Wewe fundi wa turbini, unayeona mchanga ukiongezeka katika vyuma, andika tarehe na kipimo katika daftari. Siku ya uchunguzi, daftari lako litasema zaidi ya hotuba kumi. Wewe mvuvi, sema siku maji yalipobadilika rangi. Wewe mama wa soko, hesabu siku za giza katika mwezi na fedha ya makala uliyonunua. Wewe mwalimu unayesoma Kifaransa, wasomee watu kifungu cha uchunguzi wa hadhara katika sheria ya 2011, uwaeleze kwa Kiswahili. Halafu nendeni pamoja kwa burgumesta, si mtu mmoja, na karatasi yenye majina, mwombe nakala ya kitabu cha madhara cha kila draga iliyo juu ya baraje yenu. Akisema hakuna kitabu, basi hakuna ruhusa. Akisema kitabu kipo lakini ni siri, mjibuni kwamba sheria inataka uchunguzi wa hadhara, na hadhara imefika mlangoni.

Babu zetu walibeba saruji ya Mwadingusha pasipo kuulizwa kitu. Wakati ule mto ulikuwa wa kampuni, na mtu mweusi alikuwa mkono tu. Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Mtu huru anaulizwa kabla mto wake haujauzwa. Kama haulizwi, anafika mwenyewe na kuuliza.

Maji ya Lufira na Lualaba ni ya wote. Basi karatasi za maji zisomwe mbele ya wote!